Lipiko Nililolipeleka Ziwani kwa Wamaya

Nyie vijana mnaochonga kwa mashine za umeme mnaniuliza kila mara, babu, mpingo mzuri unautambuaje? Naupigia hodi. Ndiyo, kama mlango wa jirani. Unaugonga kwa kifundo cha kidole cha kati, si kwa nyundo, nyundo inadanganya, halafu unatega sikio. Ukilia kavu na mfupi, chukua. Ukiitika kwa kuburura, kama mtu aliyeamshwa usingizini, huo ndani una ufa au umeliwa, uache hapo hapo hata mwenyewe akikupa bure. Kidole changu hiki kimepinda kwa kazi hiyo. Kiliwahi pia kunitia matatani mbele ya mtakatifu wa watu, ng'ambo ya bahari, na huko ndiko ninakotaka kuwapeleka leo, mkinivumilia. Shule niliishia darasa la tatu, sijui kupanga maneno kama walimu. Nikikumbuka la huku nalisema, nikikumbuka la kule nalisema.

Nianze na lipiko, maana wengine mnasoma hamjawahi kufika Newala. Lipiko ni kichwa cha mti mwepesi, si mpingo, mpingo ungemvunja mtu shingo. Kinachongwa sura ya mtu, kinatiwa nywele za mtu kweli, kisha kinachimbwa ndani mpaka kinakuwa chembamba kama kibuyu. Mchezaji anakivaa kichwani, anafunikwa nguo mwili mzima, anatoka kucheza watoto wanapotoka jandoni. Haoni kwa macho ya lipiko, anaona kwa mdomo wake. Wanawake na watoto waliambiwa kwamba huyo si mtu, ametoka porini, hana baba wala mama. Akitokea wanapiga yowe wanakimbia, naye anawafukuza, na hiyo ndiyo ngoma yenyewe. Zamani nisingethubutu kuyaandika haya. Lakini siku hizi mnalipiga picha kwa simu likiwa limelazwa kwenye meza, basi ninamficha nani?

Sasa, ilikuwa wakati wa ruksa, soko huria ndiyo limeingia. Shirika la umma lililokuwa likinunua vinyago vyetu lilikwisha kufa. Korosho leo ananunua huyu, kesho yule, keshokutwa hakuna mtu. Mitumba imejaa Masasi, mtu unakwenda shamba na koti la harusi ya Mzungu. Kikundi chetu cha wachongaji pale Newala tulikaa bandani tunatazamana. Mpingo tunao, tumeufuata mpaka Nachingwea na lori la korosho, lakini mnunuzi hayupo. Wenzangu walianza kupaka miti mingine dawa ya viatu nyeusi na kuiita mpingo. Inang'aa vizuri tu, mpaka mteja atoke jasho mikononi.

Ndipo akaja Dada Inesi. Huyu alikuwa Mhispania, nesi wa zamani wa hospitali ya misheni, miaka mingi wodi ya wazazi. Kiswahili alijifunza kwa wajawazito wa uwandani, kwa hiyo ukimwuliza habari ya nyumbani anakujibu, "Salama tu, tunasukuma," na mkono kiunoni. Mtoto wangu Somoe alizaliwa mikononi mwake. Baadaye aliacha uuguzi, akawa ananunua kazi za mikono kwa ajili ya maduka ya kwao.

"Shikamoo, Baba Somoe."

"Marahaba, Dada. Umetuletea nini?"

"Nimewaletea habari mbaya. Wazungu wamechoka na ujamaa." Alikuwa na maana ya kile kinyago cha watu waliopandiana, babu chini, wajukuu juu.

Mwenzetu Chilumba akasema, "Hata sisi tumeambiwa na redio kwamba tumechoka nao."

Tukacheka, lakini kicheko cha njaa. Inesi akatuambia wazi. Maduka yanataka kitu kilichochezwa, kilicholowa jasho. Akipata lipiko moja la zamani akawaonyesha wakubwa wake, wataagiza nakala zake kila mwaka, na sisi hatutakaa bure tena. Wakubwa hao walikuwa wanakusanya wachongaji wa nchi mbalimbali katika mji mmoja wa Guatemala, juu milimani, kandokando ya ziwa, kwa Wamaya. Wamaya ndio wenyeji wa ile nchi kabla Wahispania hawajafika. Mmoja wetu ataalikwa.

Wakanichagua mimi. Msidhani ni kwa ufundi. Ni kwa sababu sinywi pombe, na kwa sababu lipiko lililo kongwe kuliko yote lilikuwa la mjomba wangu, Mzee Nalinga, mkubwa wa ngoma. Kwetu mali ya mjomba inashuka kwa mpwa, hilo mnalijua. Nilikwenda kwake nikijua atanifukuza. Hakunifukuza. Alilitoa darini likiwa limefungwa kanga kuukuu, akaliweka magotini.

"Hili lilimfukuza mama yako kabla hujazaliwa," akasema. "Huko mimi sitakuwepo, utaamua wewe. Mwanamke asilione likiwa wazi, hilo ni moja. Na ukiliuza, usiniambie umepata nini. Uniambie tu kwamba limekufa."

Basi, mmeuona mzigo wangu. Nikiliuza, banda letu linapona, na Mama Somoe anapata tangi la maji. Maana uwanda wetu hauna maji, wanawake walikuwa wanashuka bondeni na ndoo na kupanda nayo kichwani, na nilimwahidi kwamba kazi ikitengemaa nitaezeka bati na kuchimba tangi la mvua. Nikikataa, tunarudi kwenye dawa ya viatu. Na mnunuzi mwenyewe, aliyetaka kuliona, alikuwa mwanamke.

Balaa lilianza uwanja wa ndege Dar es Salaam. Ofisa binti mdogo, kucha nyekundu, akaushika mfuko wangu.

"Mzee, fungua."

"Mwanangu, naomba ofisa mwanamume."

"Kwani una nini humo? Nguo za ndani?"

"Bora zingekuwa hizo."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Akamwita mwenzake, kijana mmoja mpana, naye akachungulia, akaona kanga, akaona nywele, akaufunga mfuko haraka. Akaniuliza kwa Kimakonde natokea upande gani. Nikamwambia. Akapiga chaki kwenye mfuko, akamwambia yule binti, "Ni dawa za mzee." Nikapita.

Safari ya ndege sina la kusema, niliogopa njia nzima. Huko tulipofika, gari lilipanda milima mpaka masikio yakaziba, kisha likakata kona na mimi nikaona maji. Nyie, sikuamini. Uwanda wa juu wenye maji! Ziwa la buluu limekaa juu milimani, milima iliyowahi kutema moto imelizunguka, na wanawake wanafua wamesimama ndani yake mpaka magotini, wanacheka. Nilisimama pale nikamwaza mke wangu na ngata yake ya kubebea ndoo. Inesi akaniuliza, "Unalia, Baba Somoe?" Nikamwambia ni upepo. Na upepo ulikuwepo kweli, kila alasiri unavuma toka ng'ambo, mitumbwi yao ya gogo inakimbilia ufukweni.

Watu wa mji ule walinipendeza. Wafupi wanene kama Wamakonde wa kwetu, wana salamu ndefu, hawana haraka. Wanawake wanavaa blauzi walizofuma wenyewe, zimetariziwa ndege, na kichwani vikongwe wanazungusha utepe mwekundu mrefu mpaka unakuwa kama sahani. Wanaume wa makamo wanavaa suruali fupi za mistari, nazo zina ndege. Wanaongea lugha yao sokoni, mbele ya Mhispania bila haya. Mimi nimesimama katikati yao na koti langu la mitumba la Masasi lenye vifungo vya dhahabu. Mtoto mmoja alilishika akamwuliza Inesi kama mimi ni askari wa bendi. Nilicheka, lakini usiku swali lile lilinichoma, na hata sasa linanichoma kidogo. Hao walitawaliwa kwa muda mrefu kuliko sisi, na bado mgongoni wana kitu chao.

Mwenyeji wangu alikuwa mchongaji mzee, Diego. Jina la Kihispania, roho ya kwao. Yeye anasema Kihispania kidogo, Inesi anageuza kwa Kiswahili. Lakini kazini hatukumhitaji mkalimani. Nilimpa zawadi, kinyago kidogo cha kikundi chetu. Akakinusa. Akatema mate kwenye dole gumba, akakisugua, akalitazama dole: jeusi. Akanitazama mimi. Niliiva uso, Mungu wangu, nikajua Chilumba ameniponza. Diego akanishika mkono akanipeleka uani, akaonyesha shimo lililofunikwa majivu na kinyesi cha kuku. Humo alizika vinyago vyake vipya ili vionekane vya kale. Tulicheka mpaka mkewe akaja kuangalia kuna nini.

Siku iliyofuata alitupeleka, mimi na Inesi, kwenye nyumba ya mtakatifu wao wa mti. Hakai kanisani huyu. Kila mwaka anakaa nyumba ya mtu mwingine, na mwenye nyumba anamtunza na wazee wenzake. Chumba kina moshi wa ubani, mishumaa chini sakafuni, na yeye katikati amesimama, mfupi, amevaa kofia mbili moja juu ya nyingine, vitambaa vingi shingoni, na mdomoni sigara inayowaka kweli. Mzee mmoja kazi yake kumkung'utia jivu. Watu wanapiga magoti wanamweleza shida zao kama unavyomweleza baba mkubwa. Nikapewa kikombe cha pombe kali. Mimi Mwislamu. Inesi akaninong'oneza, "Gusa midomo tu, wao hawachungulii." Nikagusa, nikamrudishia Mungu maneno ya kuomba radhi.

Nilikuwa nimekaa karibu kabisa na mguu wa yule mtakatifu. Ulitokeza kidogo chini ya vitambaa, kipande cha mti. Na mchongaji, jamani, anayeona mti asioujua! Kabla kichwa hakijajua, kidole kimeshagonga. Ko, ko.

Mkung'uta jivu mkono ukabaki hewani. Mwanamke aliyekuwa anaomba akageuka. Nilitamani ardhi ipasuke. Diego akasema kitu polepole kwa Kihispania, Inesi akanigeuzia: "Anawaambia wewe ni fundi wa mbali, umempigia hodi."

Mwenye nyumba akauliza, "Naye amejibu nini?"

Diego hakusita. "Amesema karibu."

Wazee wakaangaliana. Mmoja akaanza kutikisika mabega, akafuata wa pili, wakacheka wote, na yule mkung'uta jivu akaniwekea sigara sikioni. Na niwaambie ninyi kama mafundi: ulilia kavu na mfupi. Mti mzuri sana ule.

Tulipotoka nikamwuliza Diego nani alimchonga. Akajibu bila kugeuka, "Hakuchongwa." Nikadhani Inesi amekosea, nikamwambia aulize tena. "Anasema hakuchongwa na mtu yeyote." Sikumtuma aulize mara ya tatu. Maana nilipokuwa mtoto sijapita jandoni niliwahi kumwuliza mjomba Nalinga lipiko limechongwa na nani, na alinijibu hivyo hivyo, akinipa mgongo hivyo hivyo. Mtu aliyeshika tezo maisha yake yote anakwambia hakuchongwa, na hakuoni mjinga wala yeye si mwongo. Sikuweza kumweleza Inesi. Yeye aliandika tu.

Jioni ile Diego akanifunza jambo lililonitoa gizani. Alitungua ukutani barakoa moja ya ngoma zao, sura ya Mhispania mwenye ndevu za dhahabu, akanivika usoni. Giza. Hakuna tundu. Akanivua, akafungua sanduku, akatoa nyingine, mbaya, imebanduka rangi, akanivika. Nikaona ziwa! Chini ya nyusi alikuwa amepasua vijia viwili vyembamba kama unywele, mtu wa nje havioni. Akagonga ile ya kwanza akasema neno moja, akagonga ya pili akasema neno moja. Inesi akageuza: "Hii inauza. Hii inacheza."

Wanunuzi wananunua za ukutani miaka yote, wanafurahi nazo. Za sandukuni zinakodishwa kwa wachezaji, zinawashiwa mshumaa, hazitoki mjini.

Nikaazima tezo. Nikachonga kichwa, mti wao laini unanukia kama sabuni. Nikakipa chale za uso, nikakipa ndonya, kile kipini cha mdomo wa juu, nikakipa jicho la kuchoka kama la mjomba. Vijana, nasema bila haya, sijawahi kuchonga sura nzuri kama ile. Lakini ndani sikuchimba. Kimejaa, kizito, mdomo umefungwa. Hakuna binadamu atakayekivaa, kwa hiyo hakimfukuzi mtu, kwa hiyo mwanamke anaweza kukitazama mpaka achoke. Nikakiweka mbele ya Inesi juu ya meza ya Diego.

Akakigeuza chini juu. "Halina tundu."

"Halina."

"Mtu atalivaaje?"

"Halivaliwi. Hili linauza."

Aliliweka taratibu. "Baba Somoe, kesho wakubwa wangu wanakuja. Wameahidiwa la kweli. Wakiona hili watasema ni sanamu kama nyingine. Lenyewe liko kwenye mfuko, mimi najua. Fungua."

"Dada, unajua mwiko."

"Najua. Lakini ule ni mwiko wa wanawake wa kwenu. Mimi ni Mzungu, mimi hapo si mwanamke."

Nikamwambia, "Ulipokuwa wodini unampokea Somoe, ulikuwa nani?"

Miaka yote ile wanawake wa Newala walimwita mama, walimwimbia nyimbo za unyago ambazo mimi mwanamume hata leo sizijui, na hakuwahi kuniimbia hata mstari. Machozi yalimlenga. Alinyanyuka akaenda dirishani kutazama ziwa, na mimi nikafikiri labda atarudi aniambie basi. Aliporudi alikuwa mnunuzi tena.

"Sitaweza kukuahidi kitu."

"Usiahidi."

"Na banda lenu? Na Mama Somoe?"

Swali hilo ndilo lililoniuma, maana aliliuliza kwa kunionea huruma, si kwa kunitega. Mkono wangu ulikuwa juu ya fundo la kanga. Nisingeona shida kulifungua, fundo lenyewe limelegea. Nikamwangalia Diego. Hakunisaidia, alikuwa anachonga, ameinamia kazi yake kama mtu aliye peke yake. Nikautoa mkono.

Wakubwa walikuja, wakakisifu kichwa changu, wakapiga picha, wakaagiza vichache. Mwaka uliofuata hawakuagiza tena.

Nilivyopokelewa nyumbani mnaweza kukisia. "Tulikutuma kazi, wewe umekwenda kutalii," Chilumba alinirushia mbele ya watu. Wawili walihamia Tandahimba kwenye korosho za wajomba zao. Tuliobaki tulichonga vichwa visivyo na tundu, tukauza kimojakimoja kwa wapita njia, na kimaisha tulisukuma tu. Mjomba Nalinga alilipokea lipiko lake, akaingiza pua ndani, akanusa. "Bado linanuka jasho langu," akasema, akalirudisha darini. Hakuniuliza lingine.

Aliyebaki ni Mama Somoe. Anashuka na ndoo, anapanda na ndoo, ananipikia, ananisalimia vizuri. Heri angenitukana. Mpaka siku moja tunamenya muhogo, nikashindwa, nikamwambia, "Mke wangu, lile tangi tutachimba polepole."

"Sijakuuliza tangi," akasema. "Kwani mfukoni ulikuwa na nini hasa?"

"Mambo ya wanaume."

Akacheka mpaka kisu kikamtoka. "Baba Somoe! Ni kichwa cha mti, kina nywele. Zamani alikuwa anakivaa mjomba wako, sasa anakivaa Chilumba, mguu wake wa kushoto ni mzito kwenye kugeuka."

Muhogo ulibaki mkononi. "Umejua lini?"

"Tangu nikiwa msichana. Tunajua wote. Mjomba Nalinga alikuwa anakohoa humo ndani, na kikohozi chake nani hakijui?"

"Sasa mbona mnakimbia?"

Aliniangalia kama anavyomwangalia mtoto anayeuliza kwa nini watu wanalala. "Tusipokimbia, nyie mtamchezea nani?" Akaendelea kumenya. Baadaye kidogo akauliza, "Inesi ungemwonyesha, angekimbia?"

Nikafikiri. "Hapana. Angeligeuza chini juu."

"Kama sufuria gulioni," akasema. "Basi."

Msimu ule watoto walipotoka jandoni, lipiko lilitoka. Mama Somoe, mtu mzima mwenye magoti mabovu, alikuwa wa kwanza kupiga yowe. Akakusanya kanga zake mkononi akatimua mbio kuwapita wasichana, vumbi nyuma yake, na Chilumba alimfukuza uwanja mzima na ule mguu wake mzito, asimfikie.